Bomba la Kwenda Migombani

Mikumi, Jumapili, baada ya magharibi

Mwanangu Zuhura,

Begi lako liko ukumbini, limefungwa. Baba yako amelifungua na kulifunga tena, eti zipu haikukaa vizuri. Mwache. Wengine hulia kwa macho, yeye hulia kwa zipu.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala za kuangalia simu yako pale stendi, wala za sweta. Hayo umeyasikia kwa mdomo wangu tangu mchana, na mara ya mwisho ulinijibu, "Mama, nimeshakariri, nikusomee?" Basi nimekoma. Nataka kukuandikia habari ya jiko la bibi yako kule Kilosa, kwa sababu nilikuwepo na nikashindwa kusema nilichokiona. Mimi ni mtu wa kuandika. Unajua kila jioni naweka tarehe na mistari yangu miwili mitatu kwenye daftari, na wewe na ndugu zako mnanicheka kwamba naandika hadi mvua. Lakini kusema jambo uso kwa uso, mtu akiwa ananitazama, sijapata kuliweza.

Unakumbuka tulivyokuwa. Barua ya kazi ilikuwa imefika kutoka Mwanza, wanataka fundi bomba kwenye lile jengo la hospitali, na jina lililoandikwa juu yake ni lako. Mjomba wako alipopigiwa simu Dar alisema kama anavyosema siku zote, "Mimi sina neno, mwulizeni mama." Tukamwuliza mama. Bibi yako akaweka kikombe chini akasema, "Nimemlea mtoto ashike kalamu. Leo mnaniambia anakwenda kushika vyoo vya watu ziwani huko? Radhi yangu sijaitoa."

Wewe hukubishana. Ulisema tu, "Bibi, bila radhi yako siendi. Lakini kazi hii naitaka."

Nilikutazama siku ile nikajiona mimi nilipomaliza kidato cha nne. Sijawahi kukusimulia vizuri. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusomea upimaji wa ardhi. Nilipenda kupima tangu shule. Nilikuwa napima hata ua wetu kwa kamba. Mama alipouliza, "Kwani ni lazima?" nilijibu, "Si lazima." Maneno mawili tu. Nikakaa nyumbani. Miaka mingi nilimwekea kinyongo moyoni, hadi siku moja, wewe ukiwa darasa la pili au la tatu, nilimtamkia. Alishangaa kweli kweli. "Wewe ulisema si lazima. Nikadhani hutaki, unasingizia tu." Hakunikataza mtu yeyote, Zuhura. Nilijikataza mwenyewe, kisha nikamtafuta wa kumlaumu. Ndiyo maana uliposema "naitaka", tena mbele yake, kwa adabu, moyo wangu uliruka. Sikujua kama mtoto anaweza kuheshimu na kutaka kwa wakati mmoja. Mimi nilidhani ni lazima kuchagua.

Sasa, katika hali hiyo hiyo, ndipo mjomba wako alipotuma ile mashine ya kuoshea vyombo.

Nia yake ilikuwa njema. Vidole vya bibi vimevimba, hawezi tena kukamua hata kitambaa. Hoteli moja huko Dar ilikuwa inabadilisha vitu vyake, akaipata ile mashine ndogo ikiwa bado nzima, akaipakia kwenye lori la mtu anayemfahamu. Wewe ulikuwa Morogoro unamalizia mambo ya cheti chako. Nikajisemea, ya nini kumsubiri Zuhura? Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Tii, elbo, klipu, gundi, tepu, navijua vyote nikiwa nimefumba macho. Nikafunga duka siku mbili nikaenda Kilosa.

Nilifanya kwa utaratibu wangu. Nilisoma kijitabu chote, nikachora picha, nikapanga vifaa mezani kwa mstari. Kisha nikatoboa bomba la sinki chini kabisa, karibu na sakafu, chini ya ile kona inayobaki na maji ya kuzuia harufu, nikachomeka mpira wa kutolea maji machafu, nikakaza klipu. Pale ndipo palikuwa na nafasi. Nikawasha. Vyombo vikatoka vinang'aa. Jioni ile niliandika kwenye daftari: Mashine imefungwa. Safi.

Bibi yako alitoa sahani moja, akaigeuza, akainusa.

"Maji yake machafu yanakwenda wapi?"

"Kwenye bomba la sinki, mama."

"Na bomba la sinki?"

"Linakwenda kwenye chemba, kule nje."

"Na choo cha ndani kinakwenda wapi?"

Nikaanza kukusanya klipu zilizobaki mezani.

"Nakuuliza, mama Zuhura."

"Kwenye chemba hiyo hiyo."

Unajua nyumba ile ilivyo. Tangu mjomba wako aikarabati na kuweka maji ndani, bibi hajawahi kuosha hata kijiko kwenye lile sinki. Ananawia mikono tu, na kujazia ndoo. Vyombo vinaoshwa nje, kwenye beseni, vinaanikwa kichanjani, na maji yanamwagwa migombani. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo nilivyofundishwa mimi hadi nilipoolewa nikajifanya wa kisasa: maji ya vyombo na maji ya choo hayakutani. Si kwamba hayachanganywi tu. Hayakutani.

Na mimi nikacheka. Hapo ndipo kosa langu lilipo, zaidi ya lile tundu. Nilicheka kabla ya kujibu. Nikamwambia, "Mama, maji yanakwenda tu, hayarudi."

Asubuhi alikuja mzee Kaspari, yule jirani mstaafu wa reli, mtani wake, akaomba kusuuza ndoo zake kwenye sinki kwa sababu kwake maji yalikuwa yamekatika. Alimwaga ndoo nzima kwa mkupuo. Baada ya chai bibi, kwa shingo upande, akafungua mashine aweke vikombe. Chini mlikuwa na maji ya kijivu, yanaelea makapi, na harufu niliyoijua mara moja.

Hakupiga kelele. Alinishika mkono akanisogeza nione.

"Hayarudi, eh?"

Mzee Kaspari naye akachungulia. "Mtani, hiyo ni mashine ya kuoshea au ya kupikia supu?"

"Supu ya kwenu hiyo, Kaspari. Leta bakuli."

Walitaniana, lakini mimi nilikuwa nimekauka. Maana bibi alipomaliza kumjibu aligeuka akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kama kazi yenyewe ndiyo hii, ya kuwarudishia watu choo kwenye sahani, basi mwambie mwanao asinisubiri. Radhi haipo." Akavitoa vyombo vyote, akavisugua kwa majivu, vidole vile vile vinavyomuuma, na akanikataza nisiguse hata sufuria.

Siku ile niliandika: Si safi. Sikuweza kuongeza kitu. Nilikuwa nimetoboa bomba na, kwa tundu lile lile, nimeitoboa safari yako.

Nilipokupigia nilitegemea ukasirike. Uliuliza tu, "Mpira umeingia juu ya kona au chini?" Nikasema chini. Ukasema, "Aa, mama." Basi. Nimesemwa maneno mengi maishani lakini "Aa, mama" ile sitaisahau.

Ulifika Jumamosi na begi la vifaa mgongoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Umekuja kufuta uchafu wa mama yako?" "Nimekuja kukusalimu kwanza, bibi." Mimi nilikuwa nimeshaandaa koleo na msumeno, nikakuvuta pembeni nikakunong'oneza ufunge haraka kisha umweleze kitaalamu, kwamba ukifunga vizuri hayarudi. Ulinitazama, ukasema, "Mama, bibi yuko sawa." Ukaenda ukakaa naye kwenye mkeka kule nyuma, ukamwomba akuonyeshe anavyoosha.

Nilidhani unapoteza wakati. Nilisimama mlangoni nikawasikiliza. Alikueleza glasi zinaanza, kisha vikombe vya chai, kisha sahani, na masufuria mwisho, na kwamba maji ya mwisho, yale yenye mafuta, hayamwagwi kwenye shina la mgomba bali pembeni. Mambo hayo nimeishi nayo utoto wangu wote na sikuwahi kumwuliza kwa nini. Wewe uliuliza kila moja. Kisha ukauliza, "Bibi, unachoogopa hasa ni nini?" Akasema, "Siogopi. Nina kinyaa. Nikijua sahani imekaa kwenye mashine inayopumua bomba moja na choo, chakula hakishuki." Hukumwambia ni mawazo tu. Ulisema, "Hata mimi kisingeshuka."

Ndipo uliponieleza, ukichora kwa kidole mavumbini. Mpira ukilala chini, sinki likijaa ghafla maji yanatafuta pa kwenda, na mashine iko pale chini imefungua mdomo. Na ukiwa umeuchomeka chini ya kona, harufu ya chemba inapanda moja kwa moja. Dawa yake ni kuupandisha mpira hadi juu kabisa, chini ya meza ya sinki, kuufunga pale usishuke, ndipo uteremke kuingia juu ya kona. "Kwa kitabu inatosha," ulisema. "Kwa bibi haitoshi. Sinki lote tunalitoa kwenye chemba, linakwenda migombani."

"Sinki lote?" nilisema. "Utatoboa ukuta?"

"Nitatoboa."

Mzee Kaspari alisikia nyundo akaja mbio na fimbo yake. "Wewe binti, unamvunjia mtani wangu nyumba?"

"Natoboa, babu, sivunji."

"Sisi reli tulikuwa tukisema hivyo hivyo, halafu daraja linalala."

"Basi kaa pale unishikie pima maji, usije ukalala na wewe."

Bibi alicheka hadi akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mashine ifike. Na mzee wa watu akaketi kweli, akashika pima maji juu ya bomba, akawa anakusomea, "Imezidi, shusha. Hapo. Hapo hapo," kama kwamba ni yeye aliyekuajiri.

Nimeuza mabomba miaka yote hii, Zuhura, lakini nilikuwa sijawahi kumtazama mtu akiyalaza. Sikujua kuwa ni kazi ya subira namna ile. Ulichimba shimo, ukalijaza kokoto, ukalaza bomba likiteremka kidogo kidogo kutoka ukutani. Ulipofika usawa wa migomba bibi akasimama mbele yako.

"Na ile sabuni ya mashine? Haitaua migomba yangu?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nilikuwa na jibu, mimi sikosi jibu. Wewe ulifuta jasho ukasema, "Sijui, bibi."

"Hujui?"

"Sijui. Shuleni hatukufundishwa habari za migomba. Ndiyo maana shimo nimeliweka huku pembeni, unakomwagia maji ya masufuria. Tuutazame ule mgomba mmoja wa mwisho. Ukianza kunyauka, nipigie, nitakuja kulihamisha."

Bibi yako alikutazama kwa muda. Mimi namjua mama yangu. Amezungukwa na watu wanaojua: mjomba wako anajua, daktari anajua, mimi ninajua. Nadhani alikuwa na miaka mingi hajasikia mtu akimwambia sijui halafu akaendelea kuchimba. Alisogea, akakupisha.

Kisha lile jaribio. Lile tundu la zamani la kwendea chemba ulilifunika kwa kifuniko na gundi, ukamwita bibi aligonge kwa mkono wake mwenyewe. Ukaomba binzari. "Ya nini?" akauliza. "Ya kukuonyesha." Ukaikoroga kwenye ndoo hadi maji yakawa manjano kabisa. Mimi ukanituma kule nje nizibe mdomo wa bomba kwa tambara, nishikilie hadi uniite. Basi mama yako mzima, mwenye duka lake, nimeinama migombani nimeshika tambara, na mzee Kaspari ananiambia, "Kaza, mama Zuhura, kaza, leo ndiyo kazi uliyopewa!" Nilisikia maji yakimwagwa ndani. Nilisikia ukisema, "Sinki limefika nusu, bibi. Maji hayana pa kwenda. Sasa fungua mashine wewe mwenyewe."

Sikuona. Nimesimuliwa na wewe na yeye, na kila mmoja anasimulia tofauti. Ninachojua ni kwamba alichukua kitambaa chake cheupe, kile cha kufunikia mkate, akafuta ndani ya mashine yote, kona kwa kona, muda mrefu mno hata mikono yangu ikafa ganzi kule nje. Kisha nikasikia, "Achia!" Nikaachia tambara, na maji ya manjano yakanirukia magotini yakaenda zake kwenye kokoto. Nilipoinua macho bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, kitambaa mkononi, cheupe vile vile, akiyatazama maji yakizama.

Jioni alipika wali na kisamvu, akapakua kwenye sahani zilizotoka kwenye mashine, akala. Tukala wote tukimwangalia mdomoni. Kuhusu Mwanza, kimya. Tuliondoka Kilosa kesho yake na bado kimya. Uliniambia njiani, "Angalau anakula," ukageukia dirishani, na nilijua unalia, nami nikafanya kama sijui.

Wiki hii uliandika barua ya kuwaomba wakusubiri kidogo. Niliiona, hukuituma. Nataka ujue hilo nalo limenitia fahari: kwamba hukumshawishi bibi kwa machozi, wala hukumtumia mjomba wako amshinikize. Ulifanya kazi yako vizuri ukaiacha pale ikae.

Na leo mchana, bila simu wala salamu ya kutanguliza, gari la kutoka Kilosa likasimama mbele ya duka na bibi yako akashuka na kikapu chake. Uliyaona yaliyofuata, sina haja ya kukusimulia. Aliomba maji kwenye kikombe. Akakushika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akachukua funda moja mdomoni akaipulizia. Akasema, "Mikono hii nimeiona. Iende." Hayo tu. Wewe ulikwenda kulia kwa baba yako.

Lakini kuna jambo hukulisikia, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ulipotoka nilibaki naye chumbani. Nilikuwa namtandikia kitanda chako, maana ndipo atakapolala na wewe ulale na wadogo zako. Nikamwuliza, "Mama, kwa nini umekawia hivi? Mtoto ameumia." Akasema, "Nilikuwa natazama mgomba." Nikauliza, "Je?" "Una mkungu."

Sikujua nicheke au nini. Safari hii sikucheka. Nikamwuliza kama ule mgomba ungenyauka asingekuja. Akanitazama kwa lile jicho lake ninalolijua. "Ningekuja. Ningekuja kumwambia ahamishe shimo kwanza, ndipo aende. Alisema atahamisha."

Umeelewa, mwanangu? Wewe ulidhani anapima bomba. Alikuwa anapima kama neno lako linabaki lilipowekwa baada ya wewe kuondoka. Nami nakuambia nilichokiona kwa macho yangu: linabaki. Huko unakokwenda watakuwepo wanaojua zaidi yako, na watakaokuona mdogo, na watakaocheka msichana ameshika msumeno. Mimi sina dawa ya hayo. Nilikuwa mmoja wa wanaojua, na nilicheka, na mpira wangu ulilala chini.

Jambo la mwisho, ndipo nikuache ulale. Nilipokuwa naweka mto bibi alitoa kwenye kikapu kikaratasi, akaniambia nisome kwa sauti kwa sababu miwani ameisahau. Alikuwa amemwandikisha mtu majina ya majirani zake. Mke wa mzee Kaspari ni wa kwanza, sinki lake nalo linakwenda chemba. Wa pili ni yule mwalimu wa madrasa. Wa tatu sikumjua.

"Hawa nini, mama?"

"Wameona kwangu, na wao wanataka. Nimewaambia fundi wangu ameajiriwa Mwanza, hapatikani ovyo. Wangoje likizo."

Amesema "fundi wangu", Zuhura. Kisha akanisisitiza nikuulize likizo yako ya kwanza ni lini, kwa sababu mke wa Kaspari hana subira.

Basi utujulishe.

Mama yako